Kuku wa Mguu wa Bibi

Nilipokuwa mtoto, niliamini kwamba kila mguu wa mtu uliovunjika una kuku wake. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha hivyo, lakini pale kwetu Kagoma, wilayani Muleba, ndivyo mambo yalivyokwenda. Mtu akivunjika, Mzee wa Mifupa anaitwa kutoka ng'ambo ya bonde, na akifika anaomba kuku. Kuku huyo anavunjwa mguu uleule, wa kulia kwa kulia, wa kushoto kwa kushoto, kisha wote wawili, mtu na kuku, wanafungwa vijiti vya matete kwa kamba za mgomba. Kuanzia hapo wanakuwa kitu kimoja. Siku kuku atakapokanyaga, ndiyo siku mgonjwa atakayokanyaga. Kuku akifa kabla ya siku hiyo, watu hawasemi kitu, wanatazamana tu.

Nikiwasimulia wanangu habari hizi, wananiuliza kama kuku naye aliulizwa anataka nini. Swali lao ni zuri, na ndilo linalonifanya niandike habari za mguu wa Bibi.

Nililelewa na Bibi mzaa mama. Mama alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, akikaa Goziba kisiwani zaidi ya alivyokaa nchi kavu, na kila boti iliporudi ilituletea salamu, gunia la dagaa, na mara mojamoja Mama mwenyewe. Bibi alikuwa mjane mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili, na kibanja chake cha migomba na mibuni alikipalilia mwenyewe akimsema kila mgomba uliochelewa kuzaa. Alikuwa na watoto wa kiume wawili. Mjomba Deo, mkubwa, alikuwa na kazi ya ofisini Bukoba mjini, akiishi Bilele, na alipokuja kijijini alitandika leso juu ya kiti kabla ya kukaa. Mjomba Projest, mdogo, alijenga hapohapo kibanjani, karibu na jiko la Bibi, pamoja na mkewe, Mama Anitha. Ndugu hao walipendana sana, ila kukubaliana hawakujaliwa. Mmoja akisema mvua inakuja, mwingine alikuwa tayari kuanika kahawa.

Bibi alianguka asubuhi moja baada ya mvua. Alikwenda kukata mkungu, akakanyaga ganda bichi la mgomba, na ganda bichi likilowa halina adabu. Nilimsikia akiita nikakimbia. Nilimkuta amekaa chini kwenye majani, ameukumbatia mkungu wake, mguu wa kushoto umelala upande ambao mguu haulali.

"Koku," aliniambia, "peleka kwanza ndizi jikoni. Halafu mwite mjomba wako."

Nilipeleka ndizi. Alikuwa Bibi, na Bibi akisema jambo mlilifanya kwa mpangilio alioutaja.

Kwa desturi yetu ya wakati ule, ugonjwa wa mama mzee ulikuwa shauri la wanawe wa kiume. Basi Bibi akalazwa chumba cha ndani, na shauri likafanyika sebuleni. Mjomba Deo alikuwa Bukoba, kwa hiyo alihudhuria kwa simu iliyowekwa juu ya kikombe kilichofunikwa kifudifudi mezani, maana ni hapo tu mtandao uliposhika. Mjomba Projest aliinama juu ya kikombe na kusema kwa nguvu kwamba Mzee wa Mifupa ameshatumiwa mtu. Mkono wake mwenyewe ulivunjika akiwa kijana, ukaungwa na mzee huyohuyo, na hadi leo alikuwa akipanda miti. Kikombe kikajibu kwamba huo ni ujinga, kwamba mama yao anapelekwa hospitali akawekewe vyuma, kwamba ofisini kwao kuna mtu aliwekewa vyuma na sasa anacheza mpira.

Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, nimeshikilia mto uliouinua ule mguu. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alisikia kila neno.

"Wanaugawana mguu wangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "kama nyama ya harusi."

Nikamuuliza yeye alitaka nini. Ni swali la kitoto, nililiuliza kwa sababu sikujua kwamba haliulizwi.

"Hata sijui," alisema. "Hakuna aliyeniambia kuna nini ndani ya huu mguu."

Mjomba Deo alishinda kwa sababu alikuja na gari la kukodi. Mjomba Projest alipanda vilevile, amenuna, na mimi nikapakiwa pamoja na khanga na thamosi ya chai. Hatukuenda hadi Bukoba. Njia ilimtesa Bibi mno, tukaishia katika hospitali moja iliyokuwa njiani, ndogo, yenye benchi refu na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Wakampiga picha ya mguu. Kisha akaja daktari, mwanamke kijana kutoka mikoa ya kati, asiyejua hata neno moja la Kihaya.

Alisalimia, akainua ile picha kwenye mwanga, akaanza kueleza. Aliongea kwa kirefu, huku akionyesha kwa kidole hapa na pale. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni na kanisani, hakikufika kwenye mifupa, kwa hiyo Mjomba Deo akajitolea kutafsiri.

"Anasema upasuliwe," alimwambia Bibi kwa Kihaya.

Bibi alimtazama mwanawe, akamtazama daktari, akamtazama mwanawe tena. "Maneno yote yale," aliuliza, "ni neno moja?"

Muuguzi mmoja aliyekuwa akipanga bandeji pembeni alicheka. Daktari akataka kujua kilichochekesha, muuguzi akamweleza. Daktari hakucheka. Alimwomba muuguzi aache bandeji, aje akae karibu na kitanda, atafsiri kila kitu bila kupunguza. Akaanza upya.

Mfupa wa muundi umevunjika, alisema, lakini haujaachana sana. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kwenda hospitali kubwa kupasuliwa na kuwekewa vyuma. Mfupa utakaa imara mapema, lakini kidonda kinaweza kuingia uchafu, na kwa umri wake dawa ya usingizi ina hatari zake. Akazitaja hatari hizo moja baada ya nyingine, hata zile za kutisha. Ya pili ni hogo, ile plasta ngumu ya mifupa. Hogo halina kisu, ila atakaa nalo muda mrefu, atachoka, na mguu unaweza kuunga ukiwa umepinda kidogo. "Na unaweza kukataa zote mbili ukarudi nyumbani," alimaliza. "Ni haki yako. Ila ukikataa, nitakuambia kwanza ninachokiogopa."

Wajomba wote wawili wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na lake.

"Samahani," daktari alisema. "Nimemuuliza mwenye mguu."

Sijasahau nyuso zao. Wajomba zangu hawakuwa watu wabaya, na hawakukasirika hata kidogo. Walikuwa kama watu walioambiwa kwamba mlango walioupitia miaka yote ni dirisha. Bibi naye alijiinua kidogo kwenye mto. Aliuliza hogo lina uzito gani. Aliuliza kama atajikuna. Aliuliza kama daktari mwenyewe, angekuwa na mama wa umri huo, angefanya nini, na daktari akasema mama yake angechagua mwenyewe, maana hata yeye ni mbishi. Bibi akalipenda jibu hilo sana.

Kisha akauliza, "Na kuku?"

Mjomba Deo alifunika uso kwa mkono. Muuguzi akasita. "Tafsiri," Bibi alimwambia, naye akatafsiri, habari zote za Mzee wa Mifupa, matete na kamba za mgomba. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, mguu wa kuku sikuusomea," alisema. "Huo ni wa kwako na huyo mzee. Ninachoomba ni hogo langu asilifungue mtu."

Hivyo ndivyo Bibi alivyochagua hogo na kuku, vyote viwili. Mjomba Deo alinuna kwa sababu ya kuku, Mjomba Projest akanuna kwa sababu ya hogo, na Bibi akarudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani kwenye kiti cha nyuma.

Mzee wa Mifupa alikuja kesho yake. Nilidhani atakasirika akiona hogo, kumbe aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kama fundi anayeheshimu kazi ya fundi mwingine. Alichagua tetea wa madoadoa, akampeleka nyuma ya nyumba. Nilikimbilia mbali, nikaziba masikio. Aliporudishwa alikuwa na vijiti vyake mguuni, akawekwa kwenye tenga chini ya dirisha la Bibi. Bibi alimwita Mwenzangu. Asubuhi aliniuliza, "Mwenzangu ameamkaje?" kabla sijamuuliza yeye ameamkaje, nami nikamjibu: amekula, amekunywa, ameinua shingo.

Na Mwenzangu alikuwa akiendelea vizuri. Alishaanza kuugusisha ule mguu chini alipotolewa tengani kuota jua. Bibi alipoambiwa, alijaribu vidole vyake ndani ya hogo, navyo vikacheza. Nyumba nzima ilifurahi, na mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa, kama jua kuchomoza upande wa Ziwa.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Mjomba Deo alikuja na mkubwa wake wa kazi kumjulia Bibi hali. Hakutoa taarifa. Na Mhaya gani ataletewa mgeni wa heshima kutoka mjini asimchinjie kuku? Mama Anitha alikuwa ametoka kanisani mbio, moto haujawashwa, kuku wote wametawanyika kibanjani wakikwepa mkono wake. Mmoja tu hakukimbia. Mama Anitha aliniambia baadaye kwamba hakuona hata vijiti, aliona kuku aliyetulia, akamshukuru Mungu.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi nilikuta manyoya ya madoadoa karibu na jiko, na kwenye majivu kipande cha tete kilichoungua nusu. Nilibaki nimesimama, ndoo kichwani. Sikuwa nikimlilia kuku. Niliamini kabisa, kwa moyo wangu wote, kwamba Bibi hatatembea tena.

Sebuleni walikuwa wakila. Mgeni alipewa firigisi kama ilivyo heshima yake. Mjomba Deo alipewa paja, naye alilila kwa furaha, akisifia ndizi zilivyoiva, mpaka alipofika kwenye mfupa. Mfupa ulikuwa na nundu katikati, mahali ulipokuwa unaunga. Mjomba Projest aliiona nundu kabla yake. Niliona kijiko chake kikisimama njiani, na macho ya kaka mtu yakifuata macho ya mdogo mtu, yakishuka hadi kwenye sahani.

Namshukuru Mungu kwamba wanawake wa rika la Bibi, kwa mwiko wa zamani, hawakula kuku. Yeye aliletewa ndizi na maharage kitandani, hakujua kitu.

Mgeni alipoondoka, ndugu wale wawili walikubaliana jambo kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu. Mama yao asiambiwe. Akijua atakata tamaa, na mzee akikata tamaa hainuki. Mama Anitha alikuwa akilia kwenye khanga. Mjomba Deo, yeye aliyeuita mguu wa kuku ujinga mbele ya watu, alipanda pikipiki akiwa na suruali yake ya Jumapili, akazunguka nyumba hadi nyumba mpaka akapata tetea mwingine wa madoadoa. Wakamfunga vijiti mguuni bila kuuvunja, wakamweka kwenye tenga. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu alikuwa na kamba na matete juu yake, na aliyachukia yote.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko nyingine, maana yule tetea alipiga kelele kutwa. Bibi alimsikiliza kwa siku kadhaa. Kisha akaniita.

"Koku. Huyo aliye dirishani ni nani?"

Nilikuwa nimekatazwa na watu wazima wote wa nyumba hiyo. Lakini aliniuliza akiwa ameweka mkono juu ya hogo, na nilimkumbuka daktari aliyesema hata yale ya kutisha. Nikamwambia yote: mgeni, paja, nundu, pikipiki.

Kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa, na niliogopa kuliko yeye. Kisha aliniambia nimpigie simu Mjomba Deo, simu juu ya kikombe, na nimwite Mjomba Projest.

Walikuja wote siku iliyofuata, wakasimama mlangoni mwa chumba.

"Yule binti wa hospitali hanijui," Bibi alisema kwa Kihaya, na sauti yake kubwa ilikuwa imerudi. "Hajala hata ndizi yangu moja. Lakini aliniambia kila kilicho kwenye mguu wangu, kizuri na kibaya, akaniacha nichague. Ninyi niliowabeba mgongoni mnanificha kuku."

"Tuliogopa utavunjika moyo, Mama," alisema Mjomba Projest.

"Moyo ni wangu. Ukivunjika mtamtafuta mzee mwingine." Akamgeukia Mjomba Deo. "Wewe ndiye uliyemla?"

"Ego waitu," alijibu Mjomba Deo, yaani ndiyo, kwa heshima yote, akijifuta jasho kwa leso yake.

"Basi mguu wangu umo ndani yako. Siwezi kumsubiri Mwenzangu akanyage, amekwishakanyaga tumboni mwako. Daktari akinitoa hogo, utakuja kila Jumamosi nikushike bega mpaka nitembee."

Hakuna aliyecheka mpaka Mama Anitha, nje ya dirisha, alipocheka. Tetea mgeni alifunguliwa siku ileile, akakimbilia migombani bila kuaga.

Hogo lilitolewa kwa wakati wake na daktari yuleyule. Mguu ulikuwa mwembamba na umepinda kidogo, kama alivyosema unaweza kupinda, na kwa kuwa alikuwa amesema, Bibi hakulalamika. Mjomba Deo alikuja Jumamosi ya kwanza, akaja na ya pili. Walizunguka kibanja polepole, mama ameshika bega la mwanawe, na kwa kuwa walikuwa hawana la kufanya ila kutembea, walizungumza. Nafikiri hawakuwa wamezungumza hivyo tangu Mjomba aende mjini. Hata Bibi alipoweza kwenda na fimbo yake mwenyewe hadi kanisani, Mjomba hakuacha kuja, mpaka Bibi alipotutoka, miaka mingi baadaye, kwa uzee tu.

Sasa mimi ndiye ninayeishi Bilele, jirani na Mjomba Deo. Mjomba sasa ni mzee, na fimbo anayo yeye. Mwaka jana nilipatikana na uvimbe kwenye kizazi. Mume wangu alinisindikiza hospitali, na Mjomba akasisitiza kuja, akakaa kwenye kiti cha pembeni, kidevu juu ya fimbo. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye haraka ya kazi. Alifungua majibu, akamgeukia mume wangu, akaanza kumweleza kuhusu upasuaji. Hakukusudia ubaya. Ni mazoea, na mazoea hayaumi mpaka uwe wewe uliyelala kitandani. Mume wangu alikuwa akiitikia, na mimi, mwanamke mzima niliyesoma, nilikuwa nimekaa kimya nikisikiliza habari za tumbo langu.

"Daktari," alisema Mjomba Deo kutoka pembeni. "Muulize mwenye mguu."

Daktari alimtazama. "Mzee, huyu haumwi mguu."

"Najua," alisema Mjomba.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikujua yalikuwa ya nini yote. Mume wangu, aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi, naye akacheka, akasema kweli, mwulize mwenyewe. Daktari kijana akageuza kiti chake, akaanza upya, safari hii akinitazama mimi. Kumbe njia zilikuwa zaidi ya moja. Niliuliza nilichotaka, hata la kujikuna ningeliuliza kama lingehusika. Nilichokichagua ni changu na sitakiandika hapa, niseme tu kwamba nalala vizuri.

Sijui kama mguu wa Bibi uliungwa na hogo, na kuku, au na zile Jumamosi. Siku hizi sihitaji kujua. Ninachojua ni kwamba aliogopa kufichwa kuliko alivyoogopa kuvunjika, na alipoambiwa ukweli, alipata cha kufanya nao.

Wiki ile ya hospitali Mjomba alikuja nyumbani kwa miguu, fimbo mkono mmoja, na kwapani tetea wa madoadoa. "Huyu ni mwenzako," aliniambia. "Miguu yake asiiguse mtu." Yuko uani mpaka leo, mnene, anafukua maua yangu. Wageni wakija bila taarifa, namtuma mwanangu buchani.